Migahawa ya Kichina: ukiuliza kama dimsamu ina nguruwe unajibiwa "ni kamba tu". Hiyo siyo jibu!

Wakuu habari,

Nataka tuzungumzie hotipoti na dimsamu. Hotipoti ninayoisema siyo ile ya kuhifadhia ugali. Ni sufuria ya supu inayochemka katikati ya meza, kila mtu anachovya nyama na mboga zake. Dimsamu ni vitafunwa vya Guangzhou, vingi vya mvuke, vinavyoliwa kwa chai asubuhi mpaka mchana. Sasa migahawa inayouza vyote viwili mijini kwetu inatufanya wajinga.

Kubwa kuliko yote ni nguruwe. Muulize mhudumu kuhusu hagau, kile kifurushi cheupe cha kamba, atakwambia "ni kamba tu". Upishi wa asili wa hagau unachanganya kamba na mafuta ya nguruwe yaliyokatwakatwa ili ujazo wa ndani usikauke, na donge la ganda lenyewe hutiwa kijiko cha mafuta hayohayo. Siumai, kile kifurushi kilichoachwa wazi juu, ni nyama ya nguruwe hata kama juu wameweka kamba. Keki ya figili ina soseji ya Kichina, nayo ni nguruwe. Kwenye hotipoti, supu nyeupe mara nyingi imechemshwa kwa mifupa ya nguruwe. Ile nyekundu ya Chongqing imejengwa juu ya mafuta ya ng'ombe, na hapo Mwislamu ana haki ya kuuliza huyo ng'ombe kachinjwa na nani. Kule China migahawa ya Waislamu wa Kihui huandika "qingzhen" (yaani halali) mlangoni, mteja anajua kabla hajaketi. Hapa tunategemea mhudumu ambaye jikoni hajawahi kuambiwa kitu!

Na msidanganywe na sufuria ya hotipoti yenye ukuta katikati wa kutenga supu mbili. Wakiijaza mpaka ukingoni, ikichemka kwa nguvu supu inaruka ukuta. Upawa mmoja ukihudumia pande zote mbili, ukuta hauna kazi.

Tuje kwenye ubora. Ganda la hagau ni wanga wa ngano (siyo unga wa ngano) na wanga kidogo wa muhogo, unamwagiwa maji yanayochemka kabisa, unafunikwa dakika chache, unakandwa ungali moto. Maji yakiwa vuguvugu wanga hauivi, ganda linapasuka. Ikitoka kwenye mvuke mkali, kama dakika sita, unatakiwa kuona wekundu wa kamba ndani. Mnachotuletea ni za pakiti zilizogandishwa, zimeyeyushwa kwanza ndipo zikapikwa: ganda limenyonya maji, limenata kwenye karatasi, ukiinua kwa vijiti ganda linabaki na kamba anaanguka mezani. Ya kugandishwa hutoka friza moja kwa moja hadi kwenye mvuke, unaongeza dakika mbili tatu, basi. Zile ngumu pembeni kama ngozi ya ngoma zimepashwa kwenye maikrowevu. Kuuza za pakiti si kosa, kosa ni kuzitoza bei ya mkono wa fundi.

Supu nyekundu iletwe na kipande cha mafuta kilichoganda, kiyeyuke mbele ya mteja. Ikija imeshayeyuka, nyeusi, na mabaki ya pilipili yaliyolegea, ulizeni imetoka meza gani. China kwenyewe kurudisha mafuta ya wateja sufuriani ni jinai na watu wamefungwa. Supu ikipungua inazidi chumvi, kwa hiyo maji moto ya kuongezea ni sehemu ya huduma. Kuyatoza ni wizi.

Nyama ikatwe milimita mbili hivi, ikiwa nusu imeganda, iive kwa sekunde 10 hadi 15. Mnatukatia vipande vya mishkaki, halafu jiko la gesi ni dhaifu: sahani moja ya nyama baridi ikiingia, supu inazima. Inua nyama juu ya sahani uone kabichi na barafu iliyofichwa chini. Gramu ziko wapi kwenye menyu? Na vijiti jozi moja kwa kuku mbichi na kwa kula, mnataka watu waharishe?

Wenye migahawa, tunataka karatasi mezani inayotaja mafuta yaliyo kwenye kila dimsamu, mifupa iliyochemsha kila supu, na gramu za kila sahani ya nyama. Koleo la vitu vibichi liwe peke yake. Mhudumu asiyejua aseme "sijui, ngoja nimuulize mpishi", na aende kweli.

Nawasilisha.