Je, kupe na utitiri wa nchi za joto wanaweza kuishi kwenye ncha za dunia?

Mwalimu wa Likoni
Assalaam aleykum wanajukwaa. Ninafundisha sayansi katika shule moja ya sekondari hapa Likoni, na wanafunzi wangu wameniuliza jambo ambalo ningependa kulijibu kwa uhakika. Wanamjua kupe wa mbwa, wanaujua utitiri unaosumbua kuku, na kwa kuwa wengi wao wana baba au mjomba anayefanya kazi bandarini Kilindini, wanajua pia kwamba viumbe wadogo husafiri ndani ya mizigo. Je, viumbe hao wakifikishwa Antaktika, upande wa ncha ya kusini, au Aktiki, upande wa ncha ya kaskazini, baridi huwamaliza mara moja, au wanaweza kuweka makazi? Na wakiyaweka, wanaharibu nini katika nchi ya barafu?

Tabibu wa Mifugo, Kisauni
Wa aleykum salaam, mwalimu. Kwanza tutenganishe wenyeji na wageni, kwa sababu nchi hizo si tupu. Antaktika ina utitiri wake wa asili. Aina iitwayo Alaskozetes antarcticus hujilimbikizia mwilini gliseroli, kimiminika kinachozuia kuganda, na kwa njia hiyo maji yaliyomo ndani yake hayagandi hata halijoto ishukapo chini ya nyuzi -20. Kupe pia yuko: Ixodes uriae hunyonya damu ya pengwini na ya ndege wengine wa baharini, kusini na kaskazini mwa dunia, na sehemu kubwa ya maisha yake huipitisha chini ya mawe karibu na viota. Huyo hakuletwa na mtu, na ni kosa kumwita mvamizi.

Ama kupe wa mbwa wa rangi ya kahawia tunayemjua sote hapa Mombasa, Rhipicephalus sanguineus, akiachwa nje kwenye theluji hadumu. Lakini yeye ni kupe wa nyumbani: hushuka kwa mbwa, hutaga mayai katika nyufa za ukuta, na kizazi kizima hukamilika chini ya paa. Nyumba inayopashwa joto mwaka mzima inamtosha, na ndiyo maana amepatikana hata Alaska, akiwa amesafirishwa na mbwa waliotoka kusini. Kwa Antaktika mlango huo umefungwa, kwani Itifaki ya Madrid ya mwaka 1991, mapatano ya kimataifa ya kulinda mazingira ya Antaktika, iliamuru mbwa wote waondolewe kufikia Aprili 1994, na inakataza pia kuingiza kuku hai.

Msomi wa Udongo, Tudor
Ninakubaliana na tabibu, ila mimi naogopa zaidi udongo kuliko mbwa. Katika kisiwa cha Signy huko Antaktika, miaka ya 1960, watafiti walipandikiza mimea kutoka kisiwa cha South Georgia kwa ajili ya majaribio, na pamoja na mimea hiyo akaingia mdudu mdogo asiyeruka, Eretmoptera murphyi, ambaye yupo kisiwani hadi leo. Huyo si utitiri, lakini njia aliyopitia ndiyo hiyo hiyo ambayo utitiri huipitia. Huko Barentsburg, mji wa wachimba makaa ya mawe wa Kirusi katika visiwa vya Svalbard huko Aktiki, udongo uliletwa kwa meli kwa ajili ya kukuza mboga ndani ya nyumba za vioo, na watafiti wamekuta humo viumbe ambao hawakuwahi kuandikwa visiwani hapo. Deception Island, kisiwa cha Antaktika, nayo ni volkano hai yenye ardhi ya moto mahali mahali, hutembelewa na watalii wengi, na utitiri wa kigeni umeonekana katika udongo wake.

Kuhusu hasara, mwalimu, waeleze wanafunzi kwamba udongo wa huko una aina chache mno za viumbe, na wengi wao hawajazoea kuwindwa wala kushindania chakula. Mgeni mmoja anayekula kuvu au kuwinda utitiri mwenzake anaweza kuubadilisha udongo wote, na hakuna dawa ya kumwondoa bila kuwaua wenyeji. Hilo linanihuzunisha kwa dhati.

Karani wa Makontena, Changamwe
Naongeza la upande wetu. Mbao za kupakia mizigo zenye muhuri wa kimataifa zimepashwa joto hadi nyuzi 56 katikati ya ubao kwa dakika 30, au zimetiwa dawa. Muhuri huo hausemi lolote kuhusu tope lililogandamana baadaye, kwa mfano kontena linapoachwa uwanjani kwenye majani wakati wa masika. Shehena za Antaktika hupitia zaidi Cape Town, Hobart, Christchurch, Punta Arenas na Ushuaia, lakini bidhaa hufika huko zikiwa zimepita bandari nyingine nyingi, kwa hiyo sakafu ya kontena inapaswa kufagiwa na kuoshwa kabla ya kupakia.

Mwalimu wa Likoni
Nawashukuru sana. Je, joto la dunia linaongeza hatari hii?

Msomi wa Udongo, Tudor
Linaiongeza. Rasi ya Antaktika ilipata joto kwa karibu nyuzi 3 katika nusu ya pili ya karne ya 20, na kadiri barafu inavyorudi nyuma ndivyo ardhi iliyo wazi inavyopanuka. Kiumbe ambaye leo anaishi ndani ya kituo cha utafiti tu, kesho anaweza kupata nafasi nje ya mlango. Kwa hiyo vituo vinatakiwa kukagua maghala ya chakula na vyumba vya kukuzia mboga sasa, wakati mgeni bado yumo ndani na anaweza kuangamizwa.