Kazi kwenye shirika la majarida ya sayansi lisilolenga faida: ndani kukoje?

Bundi_Maabara
Wakuu, heshima kwenu. Nina shahada ya uzamili ya baiolojia ya molekuli. Maabara nataka kuiacha, sayansi sitaki kuiacha. Nimeona tangazo la mhariri msaidizi kwenye shirika linalotoa majarida ya kisayansi, na limesisitiza kwamba halilengi faida. Nauliza: siku nzima mtu anafanya nini hasa? Malipo yakoje? Hilo la kutolenga faida lina maana yoyote kwa mfanyakazi, au ni urembo wa tangazo? Na kwenye usaili wanapima nini?

Prufu_ya_Pili
Karibu mkuu. Anza na cheo, kwa sababu "mhariri" kwenye fani hii ni jina la watu tofauti kabisa. Yupo anayeamua mswada ukubaliwe au ukataliwe. Kwenye majarida mengi ya vyama vya wanasayansi huyo ni profesa wa chuo anayeifanya kazi hiyo pembeni, na kwenye baadhi ni mwajiriwa wa ofisini, mara nyingi mwenye shahada ya uzamivu. Yupo wa ofisi ya uhariri, anayepokea miswada na kuisukuma hatua kwa hatua. Na yupo wa uzalishaji, anayeushika mswada ukishakubaliwa. Tangazo la mhariri msaidizi linaloridhika na uzamili, kwa kawaida linamtafuta huyo wa kati. Kama ulidhani utakuwa unatoa hukumu juu ya sayansi ya watu, uliza mapema.

Siku yenyewe ni foleni. Unafungua mfumo, unakuta miswada mipya, unakagua mmoja baada ya mwingine. Majina ya waandishi kwenye faili yanalingana na yaliyoandikwa kwenye mfumo? Namba ya kibali cha maadili ipo, na kamati iliyokitoa imetajwa? Kuna tamko la mgongano wa maslahi? Data ziko wapi, au wameandika tu kwamba "zitatolewa zikiombwa"? Kama ni jaribio la tiba, tafuta namba ya usajili (ile inayoanza na NCT ina tarakimu 8), kisha linganisha tarehe ya usajili na tarehe ambayo mshiriki wa kwanza aliandikishwa. Majarida yanayofuata masharti ya ICMJE (kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba) yanadai usajili utangulie, na hilo lipo tangu 2005. Mswada ukikwama hapo waandishi hukasirika sana, maana hakuna cha kurekebisha. Tarehe imeshapita.

Ripoti ya kufanana kwa maandishi nayo ina mtego wake. Asilimia 30 inaweza isiwe na tatizo lolote, ikiwa imetokana na orodha ya marejeo, maelezo ya mbinu na rasimu ambayo mwandishi mwenyewe aliiweka hadharani kabla. Asilimia 8 inaweza kuwa wizi mtupu, ikiwa yote imechotwa kwenye chanzo kimoja na kumwagwa kwenye sehemu ya mjadala. Fungua ripoti uisome.

Kinachokula muda kuliko vyote ni kutafuta wahakiki, yaani wataalamu wa fani wanaousoma mswada na kuutolea maoni. Unahitaji 2, unaweza kualika 10 na zaidi. Anayekataa siku hiyohiyo amekusaidia. Anayekubali halafu akapotea wiki 5 ndiye anayekuua. Kwa hiyo jizoeze kuandika barua ya ukumbusho yenye adabu lakini yenye tarehe ndani yake.

Hesabu_Wazi
Mimi nijibu la pesa. Kutolenga faida ni suala la kisheria: hakuna mwanahisa wa kugawiwa gawio. Haimaanishi kwamba hakuna anayepiga hesabu. Ziada inatafutwa kama kawaida, kisha inaenda kubeba majarida yanayokula hasara, mikutano ya chama na ruzuku za wanafunzi. Kwa mfanyakazi, la kujua ni pesa inaingilia mlango upi.

Ikitoka kwenye usajili wa maktaba (maktaba zinalipia kusoma jarida), mapato hutabirika zaidi kwa kuwa mikataba mingi ni ya mwaka mzima au miaka kadhaa. Ikitoka kwenye ada ya makala (anayotozwa mwandishi ili achapishwe), makala zikipungua mapato yanashuka palepale. Tazama PLOS, shirika la majarida la Marekani lisilolenga faida: ilizindua jarida lake la kwanza 2003 kwa mfumo wa ufikiaji huria (msomaji halipi chochote), halafu 2006 ikaleta PLOS ONE, jarida linalouliza kama utafiti umefanywa sawasawa, si kama unasisimua. Mwaka 2013 jarida hilo peke yake lilitoa makala zaidi ya 30,000, kisha idadi ikateremka miaka iliyofuata. Shirika lililopanga bajeti kwa wingi wa makala lazima lilisikie hilo kwenye ajira.

Ikitoka kwa wafadhili, jiandae kwa mabadiliko yanayotokana na imani ya shirika, siyo soko tu. eLife, jarida la baiolojia na tiba, ilianzishwa kwa fedha za wafadhili wa utafiti Howard Hughes Medical Institute, Max Planck na Wellcome, ikaanza kuchapisha 2012 bila kumtoza mwandishi chochote. Mwaka 2017 ikaanza kutoza. Mwaka 2023 ikaachana kabisa na kukubali au kukataa baada ya uhakiki: mswada ukishaingizwa kwenye uhakiki, unatoka pamoja na maoni ya wahakiki na tathmini ya wahariri. Baadaye ikakosa kigezo cha athari, ile namba ambayo vyuo vingi hupandishia watu vyeo. Mpende au msipende, fikiria ofisi ya uhariri hapo: barua zote, hatua za mfumo, mafunzo ya wahakiki, vyote viliandikwa upya.

Malipo: usiulizie mtaani, soma hesabu zao. Shirika likiwa Marekani, fomu 990 (taarifa ya kila mwaka kwa mamlaka ya kodi) ni ya umma. Sehemu ya VII inaonyesha malipo ya wakuu, ya VIII mapato kwa chanzo, ya IX matumizi. Likiwa Uingereza, hesabu zake huwa kwenye tovuti ya Charity Commission (msimamizi wa mashirika ya hisani), na shirika kubwa huonyesha waajiriwa wangapi wanapita £60,000 kwa madaraja ya £10,000. Soma miaka 3 mfululizo. Kama mapato yanashuka na malipo ya juu yanapanda, umeshapata jibu. Tatizo lingine ni ngazi kuwa fupi: juu ya mhariri mwandamizi kuna viti vichache, na waliovikalia hawana haraka.

Nukta_Mkato
Uzalishaji umepitiwa juujuu hapo juu, na ndiko sayansi inakoharibikia kimyakimya. Mfano mmoja: mwandishi ameandika 5 µg (mikrogramu) kwa kutumia fonti ya alama badala ya herufi halisi ya mu. Faili likigeuzwa, fonti inapotea, herufi inayobaki ni m. Dozi imekuwa 5 mg, mara 1,000. Hakuna kikagua-tahajia kitakachopiga kelele, kwa sababu "mg" ni kipimo halali. Anayeikamata ni mtu anayesoma jedwali na kujiuliza kama panya wa gramu 25 anaweza kupewa hiyo.

Majedwali yaliyopitia Excel yakague kwa jicho la peke yake. Jeni iliyoitwa SEPT2 iligeuzwa kuwa tarehe 2 Septemba kwa miaka mingi, hadi kamati ya majina ya jeni za binadamu ikatangaza 2020 kwamba itaitwa SEPTIN2. Programu ilikataa kubadilika, jeni ikabadilika! Data za zamani bado zinaletwa na tarehe ndani.

Picha: 300 dpi (nukta kwa inchi) kwa za kawaida, 600 na kuendelea kwa michoro ya mistari. Mwandishi akipachika picha ndani ya Word, mara nyingi programu huikandamiza, na kuandika "300" kwenye sifa za faili hakurudishi kilichopotea. Omba faili la awali.

Prufu, yaani makala iliyokwisha kupangwa kurasa, ikirudi, mwandishi hupewa kama saa 48 kuikagua. Makala ikishatoka na DOI yake (namba ya kudumu ya utambulisho) kusajiliwa Crossref, shirika linalotunza usajili huo, kosa la maana halifutwi kimyakimya. Linatolewa tangazo la masahihisho, lenye DOI yake, linalounganishwa na makala. Ndiyo maana watu wa prufu wanaonekana wakali. Na angalia jina la ukoo limeingia kwenye kisanduku chake, hasa kwa mwandishi mwenye jina moja tu. Likikosewa hapo, kosa linasambaa kwenye kila hazina inayovuta taarifa kutoka kwenye usajili huo.

Jicho_la_Picha
@Prufu_ya_Pili, sikubaliani nawe kwamba ofisi ya uhariri haitoi hukumu. Anayeamua kama mswada ufike kwa profesa au usimamishwe ni wewe. Mwaka 2023 makala zaidi ya 10,000 zilibatilishwa duniani, nyingi zikitokana na viwanda vya makala bandia, na dalili za kwanza huonekana kwenye ukaguzi wa mapokezi.

Mambo ya kutazama: mhakiki aliyependekezwa na mwandishi ana anwani ya bure badala ya ya chuo, na akialikwa anarudisha maoni ya sifa ndani ya saa chache. Waandishi 6 kutoka fani zisizohusiana. Barua ya kuomba kuongeza majina mawili baada ya makala kukubaliwa. Kwenye picha za protini, pandisha na kushusha mwangaza, tazama mandhari ya nyuma: mstari ulionyooka kupita kiasi pembeni ya ukanda, au vichembe vilevile mara mbili, ni kazi ya kukata na kubandika. Hapo usimtuhumu mtu. Unaomba picha ghafi, unampa tarehe, unaandika kila kitu kwenye kumbukumbu na kufuata chati za COPE (kamati ya maadili ya uchapishaji), kwa sababu kesi ya hivyo inaweza kwenda mwaka mzima na wewe ukahamishwa katikati.

Bundi_Maabara
Asanteni sana wakuu, nimepata zaidi ya nilichoomba. Bado la usaili. Wamesema kutakuwa na "zoezi la maandishi", basi.

Prufu_ya_Pili
@Jicho_la_Picha hapo umenipata, nakubali.

Mkuu, zoezi huwa la saa moja hivi hadi mbili, na hupangwa ili muda usitoshe. Mara nyingi ni mswada mfupi wenye makosa yaliyotegwa: jumla ya washiriki kwenye muhtasari haifanani na ya jedwali la 1, kielelezo cha 3 kimetajwa kabla ya cha 2, asilimia hazifiki 100. Wanaoanguka ni wale wanaokesha kwenye nukta na mikato wakaacha namba. Anza na namba, kisha mpangilio wa vielelezo, lugha iwe ya mwisho. Usichokijua usikirekebishe, mwulize mwandishi kwa dokezo la pembeni mwa ukurasa. Ukibadilisha maana unafeli hata kama sentensi imekuwa nzuri.

Sehemu ya pili huwa barua: mhakiki mmoja kasema ichapishwe, mwingine kasema ikataliwe, mwandishi analalamika amesubiri miezi 4. Barua yako iseme mambo 3 tu: mswada uko hatua gani, nani anashughulika nao, lini atasikia tena. Usiahidi matokeo, na usimtaje mhakiki hata kwa fununu.

Wakikupa nafasi ya kuuliza, uliza mtu mmoja anashika miswada mingapi kwa wakati mmoja, na nani anaishika akiwa likizo.