Vigae vya sakafu vinainuka pembe na kubanduka vidoa vyeupe

fundi_mwiki: Wadau, vigae ni vya sentimita 20 kwa 20, unene 2. Udongo mwekundu madebe 3, mweusi debe 1. Vikikauka pembe zinainuka kama sahani. Vinavyotoka tanurini vizima, baada ya siku chache vinabanduka vipande vidogo, na katika kila kishimo mna kidoa cheupe. Niongeze mchanga?

kalibu_na_moto: Fundi, acha huo mweusi kabisa. Ndio ule unaolazimu watu wa Embakasi, Nairobi, kuchimba msingi mpaka tabaka lake liishe: ukinywa maji unavimba, ukikauka unanywea kupita kiasi. Tena mara nyingi una vitonge vya chokaa. Vikichomwa huwa chokaa hai, hunyonya unyevu wa hewa, hufura na kurusha ngozi ya kigae. Udondoshee siki, ukitoa povu, chokaa imo.

Kisha pima unavyonywea. Chora mstari wa milimita 100 kwenye kipande kibichi, kikaushe, upime tena. Kila milimita iliyopungua ni asilimia 1. Ikizidi 8, ongeza chenga za vigae vibovu vilivyochomwa, zilizopondwa na kupita kwenye wavu wa mbu: debe 1 kwa madebe 4 ya udongo mkavu. Chenga zimeshanywea motoni, hazinywei tena. Mchanga si sawa nazo, maana hutanuka ghafla tanuri likifika nyuzi 573.

mama_tanuri: Naongezea kuhusu kukausha, maana hata udongo mzuri huharibikia hapo. Uso wa juu ukitangulia kukauka, unanywea kwanza na kuvuta pembe juu. Usilaze kigae juu ya nailoni. Kilaze kwenye fito za mbao kivulini, funika kwa gunia, geuza kila siku. Kikishindwa kubonyea kwa kidole, vipange viwiliviwili uso kwa uso, ubao juu. Wiki mbili, na Julai, wakati wa baridi, zaidi.

Tanurini, anza na moto mdogo. Weka kioo kwenye tundu la moshi. Kikiendelea kupata ukungu, maji bado yamo, usichochee.

fundi_mwiki: Asanteni sana. Na hivi vilivyokwisha chomwa?

kalibu_na_moto: Hivyo vilivyokaa siku kadhaa, chagua vizima, ngoja wiki 2 zaidi kabla ya kuuza. Tanuri lijalo, vikitoka tu na vikiwa vimepoa, vizamishe vyote majini mpaka viache kutoa mapovu. Chokaa iliyosalia huzimika, yaani hushiba maji, hukohuko ikiwa laini, mara nyingi bila kubandua kitu.