Naomba ushauri: Krismasi hii niende umisheni au nibaki na wajukuu?

Bibi Mwalimu
Habari zenu ndugu. Mimi ni mjane, wanangu wote wana miji yao, na tangu nistaafu najitolea kwenye kikundi cha umisheni cha kanisa letu. Desemba ndiyo msimu wetu. Kuanzia tarehe 20 hadi 27 tunakaa kwenye usharika mchanga usio na mchungaji wa kudumu: tunafundisha watoto, tunatembelea wagonjwa na waliofiwa, na ibada ya mkesha tunaiongoza sisi wenyewe. Mwaka huu binti yangu mkubwa kapanga ukoo mzima ukutane kwangu, tarehe hizo hizo. Hakuniuliza, kanitaarifu. Nilipomwambia nina safari akanijibu, "Mama, wenzetu wana bibi, sisi tuna mwinjilisti." Imenichoma. Kikundi nacho kinanitegemea, masomo ya watoto yako mikononi mwangu. Nifanyeje?

Mama Mapacha
Shikamoo bibi, pole. Kwanza uliza wanataka nini hasa. Sisi kwetu tulikuwa tunalia "tunamtaka mama Krismasi", kumbe tulitaka mtu wa kupika na kushika watoto ili sisi tulale. Kama ni hivyo, hata ukibaki hawatakuona, utashinda jikoni. Wakikutaka wewe mwenyewe, watasogeza tarehe.

Katekista Mstaafu
Na nafasi ya kusogeza ipo. Kwenye kalenda ya kanisa Krismasi si siku moja. Majilio huchukua Jumapili nne za kujiandaa, kisha sherehe huanza mkesha wa 24 na kuendelea hadi Epifania, sikukuu ya ujio wa mamajusi, 6 Januari. Hata mamajusi, ukisoma Mathayo 2, walimkuta mtoto nyumbani, si horini. Mkikutana tarehe 28 bado ni Krismasi halali. Kinachobana ni likizo za kazini tu.

Mkweli Daima
Sikubaliani. Marko 7, Yesu anawakemea waliotumia Korbani, yaani mali iliyowekwa wakfu kwa Mungu, kama kisingizio cha kutowasaidia wazazi wao. Najua pale ni watoto na wazazi, ila panga hilo linakata pande zote. Yerusalemu kwanza, Samaria baadaye, yaani nyumbani kwanza. Wajukuu wanakua, usharika utakuwepo mwakani.

Binti wa Mchungaji
Mkweli, taratibu. Ana wa Luka 2 alikuwa mjane wa miaka 84, habanduki hekaluni, na hakuna aliyemwambia arudi akalee. Loisi naye, bibi yake Timotheo, anasifiwa kwa imani iliyoanzia nyumbani (2 Timotheo 1:5). Wote wamo kwenye Biblia hiyo hiyo, kwa hiyo tusimchape bibi kwa mistari. Nimekulia nyumba ambayo baba alikuwa wa kila mtu. Safari zake hazikuniuma kama lile neno "nitaona", mpaka dakika ya mwisho. Bibi, mpe binti yako tarehe kamili leo hii, hata kama hataipenda.

Mzee wa Safari
Nimeongoza vikundi hivi. Zungumza na kiongozi wako sasa, usingoje wiki ya kuondoka. Masomo ya watoto yanakabidhika: andika mpangilio wa kila siku, nyimbo na vifaa, kisha keti na kijana mmoja mpaka ayashike. Pengo gumu kuziba ni la mama mtu mzima wa kukaa na waliofiwa. Krismasi ya kwanza baada ya msiba ni nzito, na vijana wetu wakiona mtu analia wanakimbilia kuhubiri. Ukienda siku chache, chagua hizo za kutembelea. Mjukuu aliyefika umri wa kipaimara unaweza kumchukua, wazazi wakiridhia na kiongozi akijua mapema nani anamwangalia.

Bibi Mwalimu
Asanteni wanangu. Nimeshampigia kiongozi: nitakwenda 20, nirudi 23, masomo nakabidhi. Mkesha wataongoza wenzangu, na hilo limeniuma kidogo, maana ndio usiku ninaoupenda kuliko zote. Mjukuu wangu wa kwanza anataka kwenda nami, mama yake anafikiria. Nilipomtajia tarehe hizo hakugomba. Kauliza tu, "Sasa maandalizi ya jikoni hizo siku tatu nani atayafanya?"

Mama Mapacha
Si nilisema! Bibi, bandika zamu za jikoni ukutani kabla hujaondoka, na jina lako lisiwemo.