Filamu ya kwanza ya sauti ya Norway: iliwatetea maskini au iliwacheka?

Msomi wa Pangani
Salaam wakuu. Norway ilipata filamu yake ndefu ya kwanza yenye sauti Desemba 1931, Den store barnedåpen, yaani Ubatizo Mkubwa wa Watoto. Ni vichekesho, na imetokana na tamthilia ya Oskar Braaten ya mwaka 1925. Harald hana kazi, anapata pa kukaa kwa Alvilde, binti wa kiwandani mwenye mtoto mchanga na hana mume. Alvilde akienda kazini, Harald anabaki na mtoto. Mambo yanaishia kanisani, watoto wa mtaa wanabatizwa kwa pamoja.
Sasa kumbukeni mwaka wenyewe. Kuanzia Aprili hadi Septemba 1931 waajiri wa Norway waliwafungia milango wafanyakazi kama 60,000. Watu wametoka kwenye njaa hiyo, Desemba wanawekewa vichekesho kuhusu nyumba za kupanga za maskini. Mimi nasema waliwacheka. Na mwongozaji ni nani? Tancred Ibsen, wa ukoo wa Henrik Ibsen, yule mwandishi mashuhuri wa tamthilia. Atajulia wapi choo cha kuchangia watu ghorofa nzima?

Kobe Mzee
Mkuu umeanza vizuri ukaharibu mwishoni. Huyo Tancred ni mtoto wa Ibsen, basi asifanye kazi kwa sababu baba yake ana jina? Na kichekesho mbona kiko wazi. Mwanamume mzima anashinda ndani akibembeleza mtoto, tena si wake, mwanamke ndiye anatoka alfajiri kutafuta! Hata mimi ningecheka. Hapo hakuna tajiri wala maskini.

Dada wa Sagene
Kaka Kobe, ni mjukuu, si mtoto. Baba yake ni Sigurd Ibsen, aliyekuwa waziri mkuu wa Norway kule Stockholm wakati nchi iko chini ya mfalme wa Sweden. Kwa mama ni mjukuu wa Bjørnstjerne Bjørnson, aliyeandika maneno ya wimbo wa taifa. Kwa hiyo Msomi ana haki kuuliza.
Ila filamu hakuiongoza peke yake, alikuwa na Einar Sissener, ambaye ndiye aliyeigiza Harald. Na Braaten hakuwa mgeni wa maisha yale. Mimi naishi Oslo, mtaa wa Sagene, huku huku alikokulia. Nikishuka mtoni Akerselva napita kiwanda cha zamani cha kufuma, Hjula. Darajani pale Beierbrua kuna sanamu za mabinti wa kiwandani. Majira ya baridi theluji inawakaa mabegani, na mimi huwa nawapangusa. Mtu wa mtaa akiandika vichekesho vya mtaa wake, hiyo si dharau.

Maji ya Kisauni
Ndugu zangu, kiini kinawapita. Hii ni filamu ya sauti! Braaten alisimulia kwa nynorsk, mojawapo ya namna mbili rasmi za kuandika Kinorwe, lakini wahusika wake akawaacha waseme kama wanavyosema watu wa mashariki ya Oslo. Miaka yote ya filamu bubu mtu wa mtaa ule alikuwa akisoma maandishi tu kwenye pazia. Sasa anaketi gizani anasikia lafudhi ya mama yake ikitoka kule mbele. Nyinyi hamwoni uzito wake? Mtu wa Lamu akisikia Kiamu redioni, hali si ndiyo hiyo hiyo?

Fundi wa Temeke
Nataka nimjibu Kobe Mzee. Hayo mengine mtaendelea nayo.
Kiwanda nilichokuwa nafanya kazi kilipunguza watu, na mimi nikiwamo. Mke wangu alibaki na ajira yake. Binti yetu alikuwa na miezi saba. Nani akae naye, jirani? Nilijifunza kupika uji wa ulezi usishike madonge: unga unakorogwa kwanza kwenye maji ya baridi, ndipo unamimina kwenye yanayochemka, na mwiko hautulii. Nikambeba mgongoni kwa khanga ya mama yake, nikaenda bombani. Wanawake walinipisha foleni. Waliocheka ni wanaume wa kijiweni, waliokaa tangu asubuhi bila kubeba hata ndoo.
Kwa hiyo mzee wangu, usiniambie hicho ni kichekesho. Harald mimi namjua.

Kobe Mzee
Fundi, sikukulenga wewe, pole kwa yaliyokukuta. Wewe ulilea damu yako. Mimi nasema mtoto wa nje, mtoto haramu, analelewa na mpita njia, halafu tunaambiwa tushangilie.

Mama Wawili
Haramu ni mtoto, au ni aliyemkimbia? Rudi uifute hiyo kauli.

Dada wa Sagene
Kaka Kobe, hata hao wenyewe walishatoka huko. Mwaka 1915 Norway ilipitisha sheria za Castberg, mtoto wa nje ya ndoa akapata haki ya jina la baba yake na urithi wake. Miaka kumi kabla ya tamthilia! Watu waligombana bungeni na mitaani kwa sababu hiyo. Kwa hiyo waliokwenda sinema 1931 walijua vizuri kilichomo ndani ya kile kicheko.

Kobe Mzee
Sheria ni sheria na dini ni dini. Kanisa lina utaratibu wake.

Mama Wawili
Utaratibu naujua mimi, mzee. Mwanangu wa kwanza nilimzaa bila ndoa. Kanisa moja, jina nalisitiri, lilinijibu kwamba Jumapili haiwezekani, nitawakwaza waumini. Nikaambiwa nije Jumanne saa nane mchana. Nilimvalisha gauni jeupe nililoshona kwa mkono, siku ya kazi, nikapanda naye daladala. Makonda akaniuliza, mama, kuna sherehe gani leo? Nikakosa la kumjibu.

Msomi wa Pangani
Pole sana dada. Lakini naomba turudi kwenye mada jamani. Hoja ya Maji ya Kisauni kuhusu lafudhi hakuna aliyeigusa, na swali langu la njaa ya 1931 bado liko pale pale.

Fundi wa Temeke
Msomi, hii ndiyo mada. Umesema mwenyewe ni ubatizo wa watoto.

Maji ya Kisauni
Mimi mniache, nasubiri. Bi Mama Wawili, endelea.

Kobe Mzee
Lile neno nimelirudisha, Mama Wawili. Sikupaswa kulitamka kwa mtoto. Jumanne hiyo alisimamiwa na nani?

Mama Wawili
Mama yangu mzazi. Na kwa kuwa walitaka awepo mwingine, padri alimwita kijana aliyekuwa akipaka rangi ukuta wa nje. Alivua kofia, akafuta mikono kwenye suruali, akaja kusimama. Rangi ya bluu ilimganda vidoleni. Aliniuliza kwa sauti ya chini mtoto anaitwa nani, ili aseme jina bila kukosea.