Naomba ushauri: mtoto ana homa, anatetemeka, nimfunike au nimvue?

Wakuu habari za usiku. Binti yangu ana miaka mitatu, kilo 14. Tangu jana jioni homa inapanda na kushuka. Zahanati wamempima malaria, hana, wakampa parasetamoli ya maji.

Sasa kinachonichanganya: kipimajoto kinasoma 39.2, ukimgusa anaunguza, halafu mwenyewe analia baridi na meno yanagongana. Mama mkwe anataka blanketi mbili, mke wangu anataka kumwogesha maji ya baridi. Mimi nipo katikati.

Nimejisomea kidogo. Kumbe kinga ya mwili ikipambana na vijidudu, ubongoni hutengenezwa kemikali iitwayo prostaglandini E2. Hiyo inaenda kwenye haipothalamasi, sehemu inayopanga joto la mwili, na kupandisha kiwango, tuseme kutoka 37 hadi 39. Basi mwili ukiwa 38 unajiona uko chini, unatetemeka ili ujipashe. Parasetamoli inapunguza utengenezaji wa kemikali hiyo, ndiyo maana baadaye anatoka jasho jingi.

Kwa hesabu hiyo, maji ya baridi si yatamzidishia kutetemeka tu? Na blanketi si zinazuia joto kutoka? Nimemwachia shuka nyepesi, nampa maji kidogo kidogo.

Madaktari na manesi mliomo humu, niko sahihi? Halafu akilala vizuri bado ana 38.5, nimwamshe nimpe dawa au nimwache? Degedege ndiyo inanitisha, kaka yake iliwahi kumpata.