Amekata tawi la mkwaruzo wangu, kisha ananiambia matawi ni mengi

Mwana wa Upinde (mleta mada)

Wakuu, naandika nikiwa bado na buti za mpira miguuni, kwa sababu nikingoja hasira ipoe nitaanza kumtafutia mtu huyu udhuru, na hastahili. Sitamtaja jina. Wote mnaowinda kulungu upande wa Bedford hapa Pennsylvania mnamjua: ni yule bwana asiyeweza kukaa ulingoni robo saa bila kukohoa, ambaye mkulima amemruhusu kuwinda katika shamba lile lile alilotupa sisi. Leo asubuhi nimefungua picha za kamera yangu nikamkuta anakata kwa msumeno tawi lililokuwa juu ya mkwaruzo wangu. Nilipompigia simu kumuuliza, alinijibu kwa upole kabisa: "Ndugu yangu, matawi ni mengi."

Matawi ni mengi!

Kwa wageni wa mambo haya, dume la kulungu wa mkia mweupe, Oktoba inapoelekea ukingoni, hutafuta tawi linaloning'inia usawa wa uso wake, akaitafuna ncha yake, akasugua hapo paji la uso na tezi za pembeni mwa macho, kisha akaparua majani yaliyo chini kwa kwato hadi udongo uonekane (huo ndio mkwaruzo), na kukojoa papo hapo huku amebana miguu ya nyuma ili mkojo upite kwenye tezi zake. Kila kulungu anayepita baadaye husimama kunusa ili ajue nani amepita. Sisi wawindaji tunaotengeneza mkwaruzo bandia tunaiga kazi hiyo ili kuwavuta kulungu. Udongo mtu yeyote mwenye reki anaweza kuuparua kwa dakika chache, lakini tawi ndilo roho ya kazi yote, kwa kuwa madume na majike hulilamba na kulinusa hata katika miezi ambayo hakuna anayeparua chochote.

Tawi langu nililichagua tangu Agosti, kwenye mwaloni ulio ukingoni mwa shamba la mahindi, mahali ambapo njia mbili za kulungu zinakutana. Nililipinda nikalifunga kwa waya hadi ncha ikafika usawa wa kifua changu, nikiwa nimevaa glavu muda wote. Sikumwaga mkojo wowote wa dukani, kwa sababu eneo letu limo katika ukanda wa kudhibiti ugonjwa wa kudhoofika wa kulungu (CWD) na mkojo wa kulungu umepigwa marufuku. Majike wakaanza kulilamba. Baadaye akaja dume mwenye pembe za ncha kumi, mwanzoni usiku wa manane tu, halafu juzi akaja jua likiwa bado halijazama. Jua halijazama, wakuu, na mimi nilikuwa kazini!

Sasa tazameni alichofanya yule bwana. Katika picha ya kwanza amesimama katikati ya mkwaruzo, juu ya udongo wenyewe, na viatu vile vile anavyovaa akijaza mafuta gari. Katika picha ya pili ameshika tawi kwa mkono mtupu, pale pale penye ncha iliyotafunwa. Katika picha ya tatu msumeno umeshaingia. Katika picha ya nne tawi liko chini, naye ameigeukia kamera yangu na kunipungia mkono. Amenipungia mkono! Kwa kelele za msumeno ule naamini hata kulungu wa jimbo jirani la Maryland nao wamehama. Sababu aliyoitoa ni kwamba tawi lilimzibia asione akiwa ulingoni kwake, na ulingo wenyewe uko ng'ambo ya kilima, kiasi kwamba hata mkulima akiung'oa mwaloni wote bwana huyu bado ataona kilima. Nimesikia pia kwamba tawi hilo ameliwashia moto wa kuchomea soseji.

Naomba mniambie kama kuna mtu mwingine duniani aliyekatiwa tawi na kupungiwa mkono siku moja.

Baridi ya Erie

Pole sana, mkuu. Huyo bwana namfahamu bila kuambiwa jina. Msimu uliopita alikuja chini ya ulingo wangu kulipokuwa kunapambazuka, akaniuliza kwa sauti ya mnadani kama nimeona chochote. Nilikuwa nimeona, mpaka alipofungua mdomo.

Kwato Nne

Mleta mada, nimesoma malalamiko yako yote nikitarajia kwamba mbele nitakuta umeibiwa gari, kumbe ni tawi. Hata hivyo, watafiti wa Georgia walioweka kamera kwenye mikwaruzo walikuta kwamba ziara nyingi za madume hufanyika usiku, wakati ambao sheria haikuruhusu kumpiga. Kwa hiyo yule bwana amekukatia tawi la kupigia picha tu.

Mwana wa Upinde (mleta mada)

Kwato Nne, nimeandika kwa Kiswahili fasaha kwamba juzi alikuja jua likiwa bado halijazama. Na hata angekuwa wa usiku daima, mkwaruzo ndio unaonionyesha ni madume gani wanaishi katika shamba hili na wanatokea upande gani. Wewe ungefanya nini kama mtu angesimama juu ya kazi yako ya tangu Agosti, akaishika kwa mkono mtupu, akaikata, kisha akakupungia mkono?

Kwato Nne

Ningempungia na mimi.

Mtoto wa Tanga

Wakuu, tuache kutaniana, tumsaidie mwenzetu. Kama shina la tawi limebaki, funga kamba nene ya nyuzi za asili ining'inie juu ya udongo ule ule, ncha yake uifumue kidogo, nao watailamba na kuisugua vizuri kabisa. Mimi nimezaliwa kwenye mashamba ya mkonge na ninatumia katani tupu, siyo kamba ya plastiki. Unaweza pia kukata tawi la mti wa jirani ukalifunga kwenye mti mchanga uliouchimbia katikati ya uwazi, mahali ambapo hakuna matawi mengine ya kushindana nalo.

Mwana wa Upinde (mleta mada)

Ahsante, lakini kamba haina mate ya dume yule. Tawi lile lilikuwa na mate yake, na sasa yameungua pamoja na soseji.

Mama wa Columbus

Samahanini, mimi siwindi, anayewinda ni mume wangu, nasi tuko Ohio. Kwa kuwa mmeshafungua mada ya mikwaruzo, nami nina langu. Mume wangu ananunua mkojo wa kulungu kwenye chupa, kisha anauweka ndani ya friji ili usiharibike, kwenye mlango, kando ya maziwa ya mtoto. Nimemwambia auondoe, akanijibu kwamba kifuniko kimekazwa. Nani kati yenu aliyemfundisha jambo hili?

Baridi ya Erie

Shemeji, hapo umeonewa kuliko mleta mada.

Mzee wa Kaskazini

Mama, mwambie mumeo aachane na chupa hiyo kabisa. Ugonjwa wa kudhoofika ulitambuliwa kwanza Colorado mwaka 1967, kwa kulungu waliofugwa, na huku Pennsylvania ukathibitishwa mwaka 2012. Unasababishwa na prioni, yaani protini zilizoharibika umbo, ambazo hutoka katika mate, mkojo na kinyesi cha mnyama mgonjwa na kukaa udongoni miaka mingi. Mkojo wa dukani hutoka kwa kulungu wa kufugwa, nawe huwezi kumjua aliyeukojoa. Lakini mimi kinachonikera zaidi ya tawi na zaidi ya chupa ni jirani yangu anayemwaga mahindi nyuma ya ghala lake, ndani ya ukanda wa ugonjwa, ambako kulisha kulungu kumekatazwa, ili wote watie midomo katika rundo moja.

Kwato Nne

Mahindi ndiyo mada halisi. Huku Ohio, katika shamba binafsi lisilo kwenye eneo la uangalizi wa ugonjwa, tunamwaga kihalali, na hakuna anayelilia matawi.

Mzee wa Kaskazini

Hicho si kitu cha kujivunia. Kulungu aliyeinamia rundo la mahindi hakuwindwa, amekaribishwa mezani.

Baridi ya Erie

Mzee, nyama ya mahindi umeikataa lini? Desemba ulikula kwangu sahani mbili.

Mwana wa Upinde (mleta mada)

Naomba turudi kwenye tawi.

Mama wa Columbus

Mzee wa Kaskazini, nashukuru, nimemsomea mume wangu maneno yako yote na chupa imetoka kwenye friji. Sasa anataka kuihifadhi katika chumba cha wageni kwa kuwa ndicho chenye baridi, na mama mkwe anafika Ijumaa.